Sato: mtambue kwa mkia, msafishe vizuri, umle mpaka kichwa

Samaki wa Ziwa Victoria wakishapangwa mezani ubavu kwa ubavu, sato, ngege na mbiru hufanana kiasi kwamba muuzaji akiwaita wote sato, wachache watabisha. Usihangaike na rangi ya mwili. Shika mkia kwa vidole viwili, utanue kama upepeo, utazame. Sato halisi, ambaye jina lake la kitaalamu ni Oreochromis niloticus, ana mistari myembamba myeusi iliyosimama wima kwenye mkia, mmoja baada ya mwingine, kuanzia shina la mkia hadi ukingoni. Mistari hiyo imepangika vizuri na inakata mkia wote kutoka juu hadi chini. Ukiikosa, una samaki mwingine mkononi, hata kama ni mtamu.

Majina yenyewe yanachanganya. Tanzania, upande wa ziwa, anaitwa sato. Kwingineko wengi humwita perege, jina linalobeba tilapia wa aina kadhaa. Kwa Wajaluo, ngege ni tilapia kwa jumla, ilhali wavuvi wengine wa ziwa hilohilo hulitumia jina hilo kwa samaki mmoja tu, Oreochromis esculentus. Ndiyo maana mkia ni shahidi bora kuliko jina.

Wanaofanana naye

Ngege wa asili (esculentus) ana kichwa kidogo na mkia usio na mistari. Mbiru, Oreochromis variabilis, naye mkia wake hauna mistari ile, lakini ncha za pezi lake la mgongoni zimepakwa wekundu au rangi ya chungwa kama uzi wa pindo. Hawa wawili ndio wenyeji wa ziwa. Sato na sangara waliletwa na watu katika miaka ya 1950 na kuendelea, na wenyeji wakazidi kuadimika. Leo ngege hupatikana zaidi kwenye viziwa na mabwawa ya pembeni. Ukimvua huko akiwa hai, mrudishe majini.

Yuko pia Oreochromis leucostictus, mweusi mweusi, mwenye madoadoa meupe mwilini na kwenye mapezi. Na yuko wa tumbo jekundu, Coptodon zillii, ambaye ndiye anayedanganya watu zaidi, kwa kuwa ana michirizi ya wima mwilini. Lakini mkia wake una vidoa badala ya mistari iliyonyooka. Wekundu wa tumbo peke yake usikupeleke mbio: dume la sato wakati wa kuzaliana nalo hupiga wekundu kichwani, kidevuni na tumboni.

Ili kuhakikisha kwanza kwamba samaki ni wa ukoo wa sato na wenzake hawa, angalia vitu viwili ambavyo havibadiliki hata akikaa siku mbili kwenye barafu. Pua: ana tundu moja tu kila upande wa uso, ilhali samaki wengi wana mawili. Mstari wa ubavuni: umekatika vipande viwili, kimoja cha juu kinachoanzia kichwani na kingine cha chini kinachoishia mkiani. Furu, samaki wadogo wa ziwani wa ukoo huohuo, nao wana alama hizi, kwa hiyo zinakuonyesha ukoo tu; sato mwenyewe utamjua kwa mkia.

Sangara mdogo ni rahisi kumtenga. Pezi lake la mgongoni limechimbika katikati hadi linaonekana kama mawili, na mkia wake ni wa mviringo. Pezi la sato ni moja refu, mbele lina miiba migumu 15 hadi 18, nyuma ni laini.

Michirizi ya mwilini usiitegemee. Samaki akiwa na hofu huwa inakolea, akifa inaweza kufifia kabisa, na sato wa bwawa lenye maji ya tope huwa amepauka tangu akiwa hai.

Kabla ya kulipa, au kabla ya kumtia kwenye ndoo

Ukivua mwenyewe upande wa Tanzania, sato aliye chini ya sentimita 25, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, hairuhusiwi kumchukua. Ubao uliochorwa mstari wa sentimita 25 unatosha. Gonga mdomo kwenye ukuta wa ubao, laza mkia, soma. Mdomo nao ufunguliwe utazamwe: jike la sato huatamia mayai na vifaranga kinywani. Jike lenye mayai mdomoni lirudishwe taratibu bila kukamuliwa.

Kwa mnunuzi, mpangilio mzuri wa ukaguzi ni huu: matamvua, jicho, kidole, halafu pua. Inua kifuniko cha shavu. Matamvua yawe mekundu yenye ute mwepesi usio na harufu mbaya; yakiwa ya kahawia au kijivu na ute mzito unaonata, mwache. Jicho liwe limejaa na jeusi katikati. Lililozama na kufunikwa na ukungu ni la samaki aliyekaa. Kisha bonyeza mnofu nyuma ya kichwa, nyama irudi mara moja. Samaki aliyekakamaa kama ubao ni mbichi sana, ila aliyelegea si lazima awe mbovu, kwani ukakamavu huja na kuondoka ndani ya saa kadhaa kwenye joto. Mwisho nusa tumboni, si mgongoni: kuoza huanzia kwenye utumbo, na sato ana utumbo mrefu sana uliojikunja kwa sababu hula mwani na vitu vya mimea.

Kuna ujanja wa kumwagia samaki maji kila baada ya dakika chache ili ang'ae. Maji hayarudishi wekundu wa matamvua, ndiyo maana ukaguzi unaanzia hapo. Ukikuta samaki ameshatolewa matamvua na kichwa kimefungwa vizuri, uliza kwa nini.

Ukubwa: sato wa gramu 300 hadi 500 anatosha mtu mmoja na anaiva sawasawa kwenye kikaango. Anayezidi gramu 700 ana mgongo mnene. Mkate vipande au mpike kwenye mchuzi, maana ngozi itaungua kabla moto haujafika mfupani. Ukitaka minofu mitupu, hesabu kwamba sato mzima hukupa takribani theluthi moja ya uzito wake. Hiyo ni hasara kubwa kwa samaki anayelika vizuri akiwa mzima.

Njiani mbebe kwenye barafu, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, maji ya barafu yakichuruzika nje badala ya kumlowesha. Jokofuni, akiwa ametumbuliwa, mpike ndani ya siku moja au mbili.

Kupara na kutumbua

Andaa kisu chenye ncha, mkasi mkubwa, kijiko cha bati, chumvi ya mawe na beseni. Mpangilio una maana, usiuruke.

1. Kata mapezi kwanza. Miiba ya mgongoni inalalia nyuma, kwa hiyo ingiza mkasi kutoka mkiani kuelekea kichwani ili blade ipite chini yake. Anayeanza na magamba hudungwa. Ukidungwa, simama, osha jeraha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha endelea.

2. Para magamba kutoka mkiani kuelekea kichwani, kwa mgongo wa kisu au ukingo wa kijiko, ukiwa umekilaza kidogo. Fanya hivyo samaki akiwa chini ya maji ndani ya beseni, magamba hayatarukia ukutani. Kama yamekauka na kung'ang'ania, mloweke kwenye maji baridi dakika tano. Usitumie maji ya moto hata kidogo. Ngozi huiva juu na itachanika.

3. Kagua kwa ukucha: upitishe kinyume, mkiani kwenda kichwani. Sehemu zinazosahaulika ni tumbo, kando ya mashina ya mapezi, kisogoni na kooni chini ya taya. Gamba moja la kooni linatosha kuharibu tonge zima.

4. Pasua tumbo kuanzia tundu la haja hadi kati ya mapezi ya kifuani. Ncha ya kisu iingie nusu sentimita tu, makali yakitazama nje. Ukizamisha kisu utapasua utumbo au nyongo.

5. Shika utumbo karibu na koo, vuta taratibu utoke kwa pamoja. Nyongo ni kifuko cha kijani kilicho karibu na ini. Ikipasuka, osha papo hapo, kata nyama yoyote iliyopata ukijani, sugua iliyobaki kwa ndimu na chumvi. Uchungu wa nyongo hauondoki kwa viungo, hata ungemwaga pilipili mfuko mzima.

6. Inua vifuniko vya mashavu, kata matamvua kwenye ncha zake za juu na chini, ng'oa. Matamvua yakibaki, kichwa kitanuka na supu itakuwa chungu.

7. Ndani ya tumbo utaona utando mweusi. Si ugonjwa wala uchafu wa ziwa. Tilapia wote wanao. Unatia uchungu kidogo, kwa hiyo usugue kwa chumvi ya mawe hadi utoke. Chini ya uti wa mgongo kuna mstari wa damu nzito. Ukwangue kwa ncha ya kijiko. Wengi huishia kwenye utando na kuiacha damu hii, na ndiyo hasa inayofanya samaki anuke mapema jokofuni.

8. Suuza mara moja, mfute akauke. Usimwache akilowa kwenye beseni ukienda kukata vitunguu. Nyama ya sato ni laini, ikinywa maji hulegea na hukatika kwenye mafuta.

Harufu ya tope

Sato wa bwawa wakati mwingine huwa na ladha ya udongo hata akiwa mbichi kabisa. Chanzo chake ni kemikali inayoitwa jeosmini, inayotengenezwa na mwani wa kijani-buluu na bakteria wa majini, ikajikusanya kwenye mafuta ya samaki, hasa chini ya ngozi na kwenye nyama nyeusi ya ubavuni. Mfugaji huitoa kwa kumweka samaki kwenye maji safi yanayopita, bila chakula, kwa siku kadhaa kabla ya kumvua. Jikoni una asidi tu: jeosmini huvunjika kwenye uchachu. Ndimu mbili au ukwaju uliokamuliwa kwa samaki wa nusu kilo, dakika 20, halafu suuza haraka na ufute. Ikiwa harufu ni kali, mchune ngozi na uondoe ule mstari wa nyama nyeusi, kisha mpike kwenye mchuzi wa nyanya au ukwaju. Kumkaanga mkavu samaki wa namna hii ni kumtangaza.

Kukaanga

Kwa sato wawili wa gramu 400 kila mmoja: chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, ndimu moja, kitunguu saumu punje nne zilizotwangwa, tangawizi kipande cha ukubwa wa dole gumba, pilipili manga nusu kijiko cha chai.

Chanja kila upande mara tatu, kwa mshazari, umbali wa sentimita mbili na nusu, hadi kisu kiguse mfupa. Michanjo ya juujuu haisaidii kitu. Kazi yake ni kupeleka moto na chumvi kwenye mgongo, sehemu nene kuliko zote, na kuzuia ngozi isijikunje samaki akapinda. Paka viungo ndani ya michanjo na tumboni, acha dakika 20 hadi 30. Usizidishe: ndimu ikikaa muda mrefu huifanya nyama iwe nyeupe na kukaza kabla haijaona moto, na ukishaipika inakuwa kavu.

Kisha futa viungo vilivyoko juu ya ngozi na umkaushe kwa kitambaa safi. Watu huona uchungu kufuta kitunguu saumu chao, lakini vipande vile huungua ndani ya dakika mbili na kuyafanya mafuta yawe machungu. Ladha imeshaingia kwenye michanjo. Ukipenda, mnyunyizie unga wa ngano kidogo kisha umkung'ute.

Mafuta yafike angalau nusu ya unene wa samaki, na joto liwe nyuzi 175 hadi 180. Kama huna kipimajoto, simamisha mwiko wa mti mkavu ndani yake: vipovu vidogo vikipanda mfululizo kuuzunguka, ni tayari, mafuta yakitoa moshi yamepita kiasi, epua kidogo. Mlaze samaki ukianzia na upande ulio karibu nawe, umwachilie kwa kwenda mbele, ili tone likiruka liruke mbali na wewe. Mmoja mmoja kama kikaango ni kidogo. Wawili waliobanana hupoza mafuta, na samaki huishia kuchemka ndani yake.

Sasa mwache. Dakika tano hadi sita usimguse, usimsukume, usichungulie chini. Ngozi ikishakauka itajiachia yenyewe. Geuza mara moja tu, kwa vijiko viwili, kimoja chini ya kichwa na kingine karibu na mkia, umpe dakika nne au tano upande wa pili. Ameiva pale nyama ya ndani ya mchanjo, kwenye mfupa kabisa, ni nyeupe isiyopitisha mwanga na inaachia mfupa bila kuvutana. Kwa kipimajoto ni nyuzi 63 kwenye mgongo. Msimamishe kwenye chujio au umwegemeze ukingoni mwa sahani. Akilazwa kwenye karatasi mvuke wake utalainisha ngozi uliyoisubiri.

Akiganda kwenye kikaango, alikuwa na maji au mafuta hayakupata moto. Akikatika wakati wa kugeuza, umegeuza mapema au alikuwa amelala muda mrefu bila barafu. Akiwa mweusi nje na mwekundu mfupani, moto ulikuwa mkubwa mno. Mmalizie dakika nane kwenye mchuzi badala ya kumrudisha kwenye mafuta. Akinywa mafuta, mafuta yalikuwa vuguvugu.

Samaki wa maji baridi haliwi mbichi, hata kwa kulowekwa kwenye ndimu. Tilapia anaweza kubeba minyoo, na pengine utawaona kama vijifuko vidogo vya manjano kwenye nyama au karibu na matamvua. Moto wa kuiva huwaua, ndimu haiwaui. Mwenye vijifuko vingi mtupe tu, hakuna raha humo.

Mchuzi, na kuchoma

Kurosti: kaanga vitunguu viwili kwa vijiko vitatu vya mafuta, weka nyanya nne zilizokatwa na chumvi, pika hadi mafuta yajitenge na nyanya. Hapo ndipo unaweka kikombe kimoja cha maji, kisha sato aliyekwisha kukaangwa, dakika nane moto mdogo. Usikoroge, tikisa sufuria. Kama ni wa nazi, tui zito liingie mwishoni na lisitokote kwa nguvu, litakatika.

Kwa kuchoma, usipare magamba. Tumbua, toa matamvua, tia chumvi na viungo tumboni, mpake mafuta nje, mweke juu ya wavu kwenye makaa yaliyofunikwa na jivu jepesi, takribani dakika 12 kila upande kwa samaki wa nusu kilo. Magamba huungua yakawa ganda, nyama ikabaki na maji yake, na mezani unalibandua ganda pamoja na ngozi.

Kumla

Miiba ya sato ni mikubwa na ina mpangilio, tofauti na ningu ambaye miiba yake imetapakaa kila mahali. Ukiijua inakaa wapi, utakula kwa raha hata gizani. Iko mahali patatu, mbali na uti wa mgongo wenyewe: safu inayoshikilia pezi la mgongoni, mbavu zinazozunguka tumbo, na mstari mfupi wa miiba midogo katikati ya ubavu, kwenye nusu ya mbele tu.

Anza mgongoni. Vuta shina la pezi kutoka mkiani kwenda mbele, litoke na miiba yake. Sukuma nyama ya juu kwa kidole gumba kuelekea mgongoni, itaachia kama gome. Kisha ya chini, ukiisukuma kuelekea tumboni taratibu ili mbavu zibaki kwenye mfupa. Upande mmoja ukiisha, usimgeuze samaki. Shika uti karibu na mkia, uuinue hadi kichwani, utatoka mzima na ubavu wa pili utabaki sahanini karibu bila mwiba. Nusu ya nyuma, kutoka mwisho wa tumbo hadi mkiani, ndiyo ya kumpa mtoto, baada ya kuipekua kwa vidole.

Kichwani kuna mnofu wa shavu, wa kisogoni, na ule ulio chini ya koo. Kooni utakuta vipande vya mfupa vyenye meno madogo kama msasa. Ndivyo anavyosagia chakula, viweke pembeni.

Mwiba ukinasa, acha kula. Kohoa, kunywa maji kidogo. Lile tonge kubwa la ugali linalomezwa bila kutafuna ili "kuusukuma" linaweza kuuzamisha mwiba zaidi au kukwama lenyewe, na kidole kooni ni vivyo hivyo. Maumivu yakiendelea, au mate yakawa hayamezeki, kifua kikauma, kukawa na damu au pumzi ikabana, nenda hospitali bila kusubiri kesho.

Aliyebaki asikae nje zaidi ya saa mbili. Jokofuni kwenye chombo kilichofunikwa atafika kesho, na wa kukaangwa apashwe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ngozi ikiwa chini. Vichwa na mifupa ya minofu uliyotoa mwenyewe jikoni vichemshe dakika 20 hadi 25 kwa lita moja ya maji, kitunguu, nyanya na ndimu. Ukizidisha muda huo supu inaanza kuwa na uchungu wa mifupa. Ichuje kwa chujio la matundu madogo.